Vita Vyenye Wanahisa

Tarehe 25 Februari 2025 Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, alisimama bungeni na kutangaza kwamba matumizi ya ulinzi ya nchi yake yatapanda hadi asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027, na kwamba fedha za ongezeko hilo zitatolewa katika bajeti ya misaada ya nje, ambayo ingeshushwa kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Siku tatu baadaye waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Anneliese Dodds, alijiuzulu. Ninalirejea tangazo hilo mara kwa mara, si kwa kuwa Uingereza ina makosa kuliko mataifa mengine yote, bali kwa kuwa ni nadra serikali kuonyesha waziwazi namna hiyo fedha inatoka mfuko upi na kuingia upi. Kwa kawaida hesabu hizo huandikwa katika madaftari mawili yasiyokutana. Safari hii zilisomwa kwa pumzi moja, mbele ya wabunge: chanjo na chakula cha wakimbizi vitapungua ili silaha ziongezeke.

Mjadala uliofuata ulihusu kiasi. Je, asilimia 2.5 inatosha, au iwe 3? Miezi minne baadaye, katika mkutano wa The Hague, nchi za muungano wa kijeshi wa NATO zilikubaliana kufikia asilimia 5 ifikapo 2035, ikiwa ni 3.5 kwa majeshi yenyewe na 1.5 kwa miundombinu na mambo mengine ya usalama. Lakini ninaloliona kuwa swali kubwa zaidi ni fedha hizo humfikia nani. Taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, ilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja, na kwamba Marekani peke yake ilitumia takriban dola bilioni 997. Sehemu ya fedha hizo ni mishahara ya askari na malipo ya uzeeni. Sehemu nyingine kubwa huingia katika kampuni zenye wanahisa, na wanahisa wana matarajio yao.

Chukua Lockheed Martin, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya silaha. Mwaka 2023 mauzo yake yalikuwa dola bilioni 67.6, na mteja wake mkuu ni serikali ya Marekani, yaani mlipakodi. Mwaka huohuo ilirudisha kwa wanahisa wake takriban dola bilioni 9 kwa njia ya gawio na kwa kununua hisa zake yenyewe ili bei ya zilizobaki ipande. Kwa hiyo kodi inayokatwa katika mshahara wa mwalimu au muuguzi kwa jina la usalama wa taifa hupita kiwandani, na kiasi chake hutokea upande wa pili kikiwa faida ya mtu ambaye huenda hajawahi kukanyaga kiwanda hicho. Hapa hakuna wizi kwa maana ya kisheria, na jambo hilo hunisumbua kuliko ambavyo wizi ungenisumbua, kwa kuwa mwizi hushitakiwa.

Sidai kwamba wakurugenzi wa kampuni hizi hukaa mezani wakapanga vita. Hawahitaji kufanya hivyo. Kazi waliyoajiriwa kuifanya ni kuongeza thamani ya hisa, na thamani ya hisa hufuata wingi wa oda. Kabla Urusi haijaivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, hisa moja ya kampuni ya Kijerumani ya Rheinmetall, inayotengeneza mizinga, vifaru na risasi, ilikuwa na bei ya takriban yuro 100. Katikati ya mwaka 2025 bei hiyo ilikuwa imevuka yuro 1,500. Zaidi ya mara moja mwaka huo, habari za mazungumzo ya amani zilipotangazwa, hisa za kampuni za silaha za Ulaya zilishuka. Soko la hisa halina chuki na mtu yeyote, lakini limejengwa kwa namna ambayo tumaini la mama aliyejificha handakini linaandikwa kuwa hasara katika daftari la mtu mwingine.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Kunguru wa wahenga, hata hivyo, alikuwa akisubiri tu juu ya mti. Wa leo ana kiti katika kikao kinachoamua panzi wapigane au wasipigane. Dick Cheney aliiongoza kampuni ya huduma za mafuta ya Halliburton kuanzia 1995 hadi 2000, kisha akawa Makamu wa Rais wa Marekani, na baada ya Iraq kuvamiwa mwaka 2003 kampuni tanzu ya Halliburton, KBR, ikapata mikataba minono ya kulihudumia jeshi huko. Lloyd Austin alitoka katika bodi ya kampuni ya silaha ya Raytheon akawa Waziri wa Ulinzi mwaka 2021, chini ya rais wa chama kingine. Rais Dwight Eisenhower, ambaye alikuwa jenerali na wala hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto, aliwaonya Wamarekani katika hotuba yake ya kuaga ya tarehe 17 Januari 1961 juu ya nguvu ya jeshi na viwanda vya silaha vikiungana. Vyama vyote viwili vikuu vya Marekani vimeisikia hotuba hiyo kwa zaidi ya miaka 60.

Kuna pingamizi ambalo sitaki kulikwepa, kwa sababu wenzangu wengi wa mrengo wa kushoto hulikwepa. Urusi haikuivamia Ukraine kwa ajili ya wanahisa wa Rheinmetall. Ulikuwa uamuzi wa Vladimir Putin na serikali yake, na Waukraine wana haki ya kujitetea kwa silaha watakazozipata. Isitoshe, viwanda vikubwa vya silaha vya Urusi na China vinamilikiwa na dola, na umilikaji huo haujawafanya watawala wa Moscow kuwa watu wa amani. Ninakubali. Kuviondoa viwanda mikononi mwa wanahisa hakutoshi iwapo vitakabidhiwa kwa dola isiyohojiwa na wananchi wake. Lakini anayeamini kweli kwamba Ukraine inapaswa kulindwa ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuuliza kwa nini fedha ya kuilinda inageuka kuwa gawio, na kwa nini faida hiyo ya ghafla haitozwi kodi maalumu, kama nchi kadhaa za Ulaya zilivyozitoza kampuni za nishati baada ya mwaka 2022.

Na silaha haziishii mahali tunapopenda kuzitaja. Tarehe 9 Agosti 2018, huko Dahyan kaskazini mwa Yemen, ndege za muungano unaoongozwa na Saudi Arabia zililipiga basi lililokuwa limebeba watoto wa shule. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu watu 51 waliokufa, 40 kati yao wakiwa watoto, na wataalamu wa silaha waliochunguza picha za vipande vya bomu walivitambua kuwa vya bomu lililotengenezwa na Lockheed Martin. Nchini Sudan, ambako vita vya sasa vilianza tarehe 15 Aprili 2023, Amnesty International iliripoti mnamo Novemba 2024 kwamba magari ya deraya yaliyotengenezwa katika Umoja wa Falme za Kiarabu, yakiwa yamefungwa mitambo ya kujikinga kutoka Ufaransa, yalikuwa mikononi mwa wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la nchi hiyo. Umoja wa Mataifa umepiga marufuku kupeleka silaha Darfur tangu 2004. Kwa kawaida muuzaji wa silaha huwa na leseni ya serikali yake mfukoni, na leseni hizo hutolewa na maofisa ambao mpigakura hawajui wala hawezi kuwahoji.

Mnyororo huo umewahi kukatwa, na waliofanikiwa kuukata mara nyingi hawakuwa mawaziri. Mwezi Aprili 2008 meli ya Kichina An Yue Jiang ilifika Durban na risasi takriban milioni 3 zilizokuwa zikielekea Zimbabwe, wakati wapinzani huko wakipigwa baada ya uchaguzi. Serikali ya Afrika Kusini haikuona sababu ya kuizuia. Wafanyakazi wa bandari, wakiongozwa na chama chao cha SATAWU, walikataa kuipakua, mahakama ikazuia shehena isipitishwe nchini, na meli ikang'oa nanga. Mei 2019 wenzao wa Genoa walikataa kupakia katika meli ya Saudi Arabia, Bahri Yanbu, jenereta walizoamini kuwa zitatumika katika vita vya Yemen. Walikuwa watu wa mishahara ya kawaida, na kila mmoja wao alijua kwamba angeweza kupoteza kazi.

Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayeacha kazi iliyo hatari kubwa kwa uhai wake mwenyewe. Ninataka vyama vya wafanyakazi vidai, na vyama vya siasa vya mrengo wa kushoto viandike katika ilani zao, kwamba kinga hiyohiyo imfikie kuli anayekataa kupakia shehena iliyo hatari kwa uhai wa wengine, na kwamba mwajiri wake asiweze kumfukuza wala kumshitaki kabla mahakama haijaifungua hati ya shehena na kuisoma hadharani.