Nimelipa Kiingilio, Naambiwa Ninyamaze

Jamani, kuna nchi hapa duniani ambako timu ya wanafunzi wa chuo, ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mkononi, inajaza uwanja wa watu 102,780. Wanafunzi! Siyo timu ya taifa, siyo mabingwa wa Afrika. Vijana ambao Jumatatu asubuhi wana jaribio la takwimu. Uwanja wetu wa Mkapa, ambao tunajidai nao tangu 2007, unabeba elfu sitini, na siku ya Simba na Yanga ukijaa tunaona dunia nzima imehamia Temeke. Hapa Columbus, Ohio, Marekani, uwanja wa chuo cha Ohio State umesimama kando ya mto Olentangy tangu 1922, na kila Jumamosi timu ikiwa nyumbani mji mzima unavaa nyekundu na kijivu, hadi mbwa. Mimi nikikumbuka mechi za vyuo kule nyumbani, watazamaji walikuwa wachezaji wa akiba, dereva wa basi, na mbuzi wa mlinzi.

Msinielewe vibaya. Ohio State ni timu yangu. Nimeishabikia miaka, kwenye kochi. Na kochi halijawahi kunikosea: choo kipo karibu, chai ipo, na mpinzani akifunga nabadilisha chaneli naangalia taarifa ya habari. Sasa akaja shemeji, kaka yake mama watoto, mtu wa zamu ya usiku kwenye ghala, ambaye muda wote macho yake yako kwenye simu anatafuta vya bei chee. "Shem, tiketi zimeshuka. Twende tukaone kwa macho."

Zimeshuka kwa nini? Hapo ndipo nilipoelezwa mambo ambayo mpaka leo sijayameza. Timu kubwa za vyuo huku, mwanzoni mwa msimu, zinaita timu ya chuo kidogo ije kucheza ugenini, na zinakilipa kile chuo, mara nyingi zaidi ya dola milioni moja. Kinachukua hela, vijana wanapanda basi, wanakuja, wanafungwa nyingi, wanarudi, chuo kinaendeshea michezo yake mingine kwa hizo fedha. Kila mtu anajua. Liko kwenye mkataba, limesainiwa na wanasheria. Bongo mtu akikwambia kuna timu imelipwa mamilioni halafu ikafungwa, jioni hiyohiyo kamati ya nidhamu inakaa na watu wanafungiwa maisha. Huku tiketi inakuwa nafuu kidogo, basi, na watu wanakuja na watoto.

Nafuu nayo ni maneno. Gari tuliliegesha kwenye bustani ya mtu. Naam, bustani. Mzee mmoja jirani na uwanja, ambaye siku za kazi ana kibao mbele ya nyumba kinachosema usikanyage nyasi, siku ya mechi anakaa kwenye kiti cha kukunja, kibao kakigeuza upande wa pili, kimeandikwa dola 40. Nikamuuliza kama hiyo bei ni pamoja na kuoshewa gari. Hakucheka. Anapanga magari kwa ishara ya kidole, mpaka lile la mwisho limegusa ua waridi. Na tukatoka hapo kwa mguu, mwendo wa dakika ishirini, tunapishana na wenzetu waliolala njiani.

Hao waliolala njiani hapo sina neno nao, acha niseme ukweli. Wamefungua nyuma za magari tangu alfajiri, majiko yanawaka, nyama inageuzwa, televisheni wamebeba kutoka nyumbani na jenereta ya kuiendeshea. Wengine hawana tiketi na wala hawaitaki. Wataangalia mechi kwenye televisheni, nje ya uwanja ambao mechi inachezwa ndani yake. Mama mmoja alituona tunapita na fulana zetu nyekundu akapaza sauti, "O-H!" Ukiitwa hivyo lazima ujibu "I-O!", hiyo ni salamu kamili, na asiyejibu anatazamwa vibaya. Tulijibu kwa nguvu, tukapewa mbavu za ng'ombe kwenye sahani ya karatasi. Shemeji akatambua mfumo. Kuanzia hapo akawa yeye ndiye anaanza kusalimia kila jiko.

Kwenye geti ndiko kulikotuumiza. Viwanja vikubwa vya Marekani siku hizi havitaki begi ambalo halionyeshi ndani. Uje na mfuko wa plastiki, mtu aone pochi yako, dawa zako, na kila siri yako. Na chakula cha nyumbani hakiingii. Mama watoto alikuwa ametufungia sambusa, zimekunjwa kwenye taulo la jikoni ili zisipoe. Kijana wa getini akanyoosha mkono kuonyesha pipa la taka. Shemeji akamtazama yule kijana, akatazama pipa, akasema kwa Kiswahili, "Chakula cha dada yangu? Pipa?" Tukasogea pembeni tukazila zote tumesimama, juu ya zile mbavu, mpaka nikahisi fulana inanibana kwapani. Kijana wa getini tulimpa mbili. Alizila haraka, akafuta vidole, kisha akatuambia sheria ni sheria.

Ndani sasa. Kiti chako ni namba iliyopakwa rangi kwenye benchi la alumini. Hakuna kizuizi kati ya namba na namba, kila mtu anajua mpaka wake kwa imani. Aliyepima zile nafasi sidhani kama aliwahi kumwona Mmarekani aliyekula nyama tangu alfajiri. Kulia kwangu shemeji, kushoto mzee wa kizungu, babu wa watu, amevaa shingoni mkufu wa kokwa za kahawia, kubwa, zinang'aa, kila moja ina doa jeupe. Hizo ndizo buckeye, ndizo zilizoipa timu jina. Nikamuuliza zinaliwa? Akasema hapana, zina sumu. Nikanyamaza nikitafakari. Sisi tuna Simba, mnyama anayejulikana. Tuna Kagera Sugar, sukari ukipata utaitia kwenye chai. Hawa wamejiita kokwa yenye sumu, na wana kikaragosi mwenye kichwa cha kokwa, anaitwa Brutus, anakimbia uwanja mzima anakumbatia watoto.

Kabla ya mechi inaingia bendi. Hapa nitasema polepole maana ndicho kitu pekee ambacho kochi haliwezi kukupa. Ni bendi ya mashaba na ngoma tupu, hakuna filimbi wala zeze. Wanaingia mbio, wamenyoosha mgongo, halafu wanaanza kutembea mmoja nyuma ya mwenzake wakipinda na kukatizana, huku wanapiga, na ukiangalia kutoka juu unaona wanaandika neno Ohio kwa mwandiko wa kuunganisha. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1936. Neno likikamilika, herufi i inakosa nukta. Uwanja mzima unasubiri nukta. Anatoka kijana mmoja na lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mwilini kama chatu, mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano, maana mdogo hapewi hiyo heshima. Anarusha miguu juu, anafika pale pa nukta, anavua kofia, anainama upande huu kwa majukwaa haya, anainama upande ule. Watu wanalia. Babu wa mkufu alivua miwani akaifuta. Watu elfu mia wanashangilia nukta! Mwalimu wangu wa darasa la pili alinichapa sana kwa kusahau nukta, kumbe mwenzangu alikuwa anaona mbali.

Basi, mechi ikaanza, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Timu yetu ikapata mpira. Tunakwenda kushambulia. Mimi nimelelewa kwenye majukwaa ya mzunguko. Timu yako ikishambulia unainuka, unapuliza vuvuzela, unamwita mchezaji kwa jina lake na la mama yake. Nikainuka. Nikapiga kelele ambayo Jangwani ingesikika mpaka Kariakoo. Nikahisi mkono begani. Babu wa mkufu, kwa upole kabisa, kaweka kidole mdomoni. Shhh.

Eti timu yako ikiwa na mpira, unanyamaza. Ili yule kijana anayepanga mashambulizi asikike anapotoa maelekezo kwa wenzake. Kelele unaihifadhi kwa ajili ya mpinzani; yeye akishika mpira ndipo mnapiga yowe mpaka masikio yao yazibe, wasielewane. Hebu fikiria. Nimetoa hela yangu, nimeegesha gari kwenye waridi za mtu, halafu timu yangu ikienda kufunga nakaa kimya nimefunga mikono. Adui akishambulia ndiyo nashangilia! Mtu akinipiga picha kwa bahati mbaya ikafika Bongo, watasema kanunuliwa.

Shemeji alizoea mara moja, lakini yeye hana msimamo, hata Simba alihamia msimu wa ubingwa.

Na mchezo wenyewe sasa. Dakika zake ni 60, robo nne za dakika 15. Nilipoangalia saa mwishoni tulikuwa tumekaa saa tatu na nusu. Zimekwenda wapi? Nitawaambia, kwa sababu niliziangalia zikienda. Mnapewa majaribio manne kusogeza mpira yadi kumi. Wanapangana, mpira unarushwa, vijana wenye kilo 140 wanagongana, mlio unasikika mpaka juu, sekunde tano, wote chini. Wanainuka. Wanakutana duara wanasemezana. Wanapangana tena. Kocha ana karatasi kubwa yenye rangi zote, anazungumza akiwa ameifunika mdomoni kana kwamba kuna mtu wa jukwaa la juu anayejua kusoma midomo. Sekunde tano. Kikao. Sekunde tano. Kikao. Nimehudhuria harusi zenye vikao vichache kuliko hivyo.

Halafu kuna yule bwana wa matangazo. Ukiwa nyumbani humwoni, unaona tangazo la gari na la bima unaenda kuchota chai. Uwanjani ndiyo unajua tangazo linatokea wapi. Anaingia mtu mmoja pembeni ya uwanja, ameshika saa kubwa ya namba za umeme, inahesabu kurudi nyuma. Wachezaji ishirini na mbili wamesimama. Waamuzi wamesimama. Makocha wamesimama. Watu laki moja tumesimama kwenye jua tunamwangalia bwana mwenye saa, kwa sababu mahali fulani mtu anauziwa gari. Yeye hacheki, hatingishiki. Saa ikifika sifuri anatoka, dunia inaendelea. Nimeona marais wa nchi wasio na mamlaka hayo.

Tulifunga. Tulifunga tena. Ikafika mahali kocha akawatoa wakubwa wote akawaingiza watoto ambao hata wasemaji wa uwanja walikuwa wanatafuta majina yao kwenye karatasi. Kwenye benchi la wageni hakuna aliyeonekana na huzuni kubwa. Kazi waliyolipwa walikuwa wanaifanya. Maji ya chupa niliyonunua kipindi hicho siwatajii bei, mama watoto anasoma.

Ilipoisha nikasimama niwahi gari kabla waridi halijanishtaki. Hakuna aliyetoka. Wachezaji wakaja mbele ya bendi, majukwaa yote watu wakashikana mabega, wakaimba wimbo wa chuo, taratibu, wanayumba kushoto na kulia. Babu wa mkufu akanitia mkono begani, mimi nikamtia shemeji, shemeji akamtia dada mmoja ambaye mume wake alikuwa upande wa pili anaangalia.

Tukiteremka ngazi, babu ananiuliza kama nitakuja Novemba, wiki ya mwisho, maana ndiyo mechi yenyewe. Nikasema ya Michigan, mahasimu wetu? Akafumba macho. Eti hilo jina halitamkwi. Unasema "ile timu ya kule kaskazini". Hiyo alikuwa nayo Woody Hayes, kocha aliyekaa hapa tangu 1951 hadi 1978, na wazee wameirithi. Nikamwambia babu, lakini si ninyi mabingwa wa nchi nzima wa msimu wa 2024, mliwafunga Notre Dame 34 kwa 23 pale Atlanta, Januari 2025? Akasema ndiyo. Halafu akasema msimu huohuo, Novemba, kwenye uwanja huuhuu, ile timu ya kaskazini ilishinda 13 kwa 10. Alilisema kama mtu anayetaja tarehe ya msiba. Hapo nilimwelewa bila mkalimani. Nina mjomba Yanga damu ambaye makombe hayamwambii kitu kama Simba walimfunga.

Akaendelea kunipa darasa. Wiki ya mechi hiyo, chuo kizima wanaziba herufi M kwenye vibao kwa utepe mwekundu. Jengo la muziki, halina M. Jengo la hesabu, Mathematics kwa Kiingereza, halina M. Hakuna kuisoma wala kuiandika mpaka Jumamosi ipite. Nikamwambia babu, sasa mimi hapo nitaishije? Mimi ni Mmakonde. Ninatoka Masasi, mkoa wa Mtwara. Na Mmakonde ni balaa zaidi, hata ukikata M moja inabaki nyingine. Alinitazama kwa huruma kabisa, akavua mkufu wake wa kokwa akanivalisha.

Bei ya tiketi ya Novemba nimeiona. Ni kodi ya nyumba ya mwezi na chenji hairudi. Shemeji anasema ana rafiki ambaye ana rafiki. Mimi nimeshaanza mazoezi mapema nisije nikaaibika: juzi jioni nimeingia ndani nimemwita mke wangu 'ama watoto. Chakula nilipakua mwenyewe.