Mlenda hauna kesi, tuziangalie karanga

Nikipiga simu Dodoma na kulalamikia chakula cha Uingereza, jibu ni lile lile: saratani ni ugonjwa wa huko kwenu, watu wa soseji na makopo. Sisi tuna mlenda na ugali wa uwele, tutaumwa na nini?

Kwenye soseji sibishi. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa nyama za kusindika zinasababisha saratani, na kwamba gramu 50 kwa siku, karibu soseji moja, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Hapa Leicester mtu anaanza siku na beikoni, anashinda kitini, jioni anamalizia na bia. Na bia nayo imo kwenye orodha hiyo hiyo ya visababishi vya saratani, jambo ambalo wale wa mnada wa Msalato kule Dodoma hawapendi kulisikia wakiwa na nyama choma mkononi.

Mlenda ni chakula kizuri, na uwele una nyuzinyuzi ambazo utumbo unazihitaji. Ila nyumbani tunavimba vichwa tukidhani chakula kikitoka shambani kwetu basi ni salama. Ukungu nao unatoka shambani kwetu.

Shangazi yangu akimaliza kubangua karanga huketi na ungo, anachambua. Zilizonona zinakwenda gunia la kuuza. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye madoa ya kijanikijani, zinatwangwa za kuungia mboga nyumbani. Ukimuuliza anakushangaa: "Mwanangu, mteja atanunua hizi?" Mahindi yaliyooza yanapelekwa kwenye pombe au kwa kuku. Hakuna kinachotupwa, na kwa mkoa wenye ukame kama wetu namwelewa kabisa.

Tatizo ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu huo. Hujificha zaidi kwenye punje hizo hizo, haionekani kwa macho na kuchemsha hakuiondoi. Inaharibu ini taratibu mpaka saratani, na mwenye homa ya ini aina ya B yuko hatarini maradufu na zaidi. Ikizidi sana inaua haraka: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Tulizika, tukasahau, tukarudi kuanika karanga chini kwenye udongo.

Sasa mtu atasema nawasifia Wazungu. Kwa chakula, hapana, siwasifii hata kidogo. Ninachowaonea wivu ni bahasha. Hapa England ukifika miaka 50 unaletewa kwa posta, bure, kifaa cha kuchukulia kinyesi ili upimwe saratani ya utumbo mpana. Unakirudisha kwa posta, majibu yanakuja. Wanakula vibaya lakini ugonjwa unagunduliwa mapema. Kwetu mtu anakula vizuri, anapata maumivu, anazunguka kwa waganga, anafika hospitali ya saratani ya Ocean Road hali imeshakuwa mbaya.

Tulio nje tunatumiwa maombi ya vidonge vya "kusafisha mwili", na tunavinunua kwa bei ya ajabu. Mimi nimeacha. Mavuno yajayo hela hiyo inakwenda kwenye turubai la kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa, na nitamfidia shangazi kwa kila debe la karanga mbovu atakalolifukia. Ameshaniuliza kama nitalipa kwa debe la kujaza au la kufuta.