Simu ni yako, akaunti ni ya mwingine

Nilikuwa nimekaa kwa fundi mmoja wa Luthuli Avenue jijini Nairobi nikingoja betri ibadilishwe, dada mmoja akaleta simu ambayo haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, ila ilikataa kuvuka ukurasa wa kwanza: ilimtaka aingize akaunti ya Google iliyowahi kutumika kwenye simu hiyo. Mteja aliyekuwa kando yangu alicheka, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba simu za namna hiyo huwa ni za wizi. Fundi hakuigusa. Aliuliza tu, "Dada, hii uliinunua kwa nani?" Dada alipiga simu, na wakati wa chakula cha mchana akatokea jamaa waliyefanya kazi naye, jasho likimtoka. Aliingiza barua pepe na nenosiri lake huku ameziba kioo kwa kiganja, akaondoa akaunti kwenye mipangilio, kisha akaifuta simu upya, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyekuwa mwizi. Jamaa alikuwa ameifuta nyumbani kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, akaamini amemkabidhi mwenzake simu safi.

Kosa lake ni la kawaida mno. Simu ya Android ikifutwa kupitia mipangilio, mwenyewe akiwa ameifungua, akaunti huondoka pamoja na vitu vingine. Ikifutwa kwa vitufe, simu huchukulia kwamba huenda imo mikononi mwa mwizi, na hudai akaunti ya zamani. Google ilileta ulinzi huo mwaka 2015 katika Android 5.1. Apple ilikuwa imetangulia mwaka 2013, na kufuli lake ni gumu zaidi kwa sababu halikai ndani ya simu peke yake: limeandikwa kwenye seva za kampuni dhidi ya namba ya kifaa, kwa hiyo kuifuta simu mara mia hakubadilishi kitu.

Wanaolitetea kufuli hilo wana hoja nzito. Katika miezi 12 baada ya Apple kulianzisha, wizi wa iPhone ulipungua kwa asilimia 40 jijini San Francisco na asilimia 25 jijini New York. London wizi wa simu ulishuka kwa nusu. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 2014 kulazimisha ulinzi wa aina hiyo katika simu mpya. Yeyote aliyewahi kunyakuliwa simu dirishani mwa matatu, akabaki akihangaika kufunga laini kabla pesa za M-Pesa hazijaguswa, hatataka kusikia kwamba kufuli lilegezwe, nami simlaumu.

Lakini takwimu hizo zinahesabu kitu kimoja tu, simu zilizonyakuliwa. Simu iliyouzwa kwa haki kisha ikakwama haihesabiwi popote, kwa kuwa mnunuzi wake hana kituo cha polisi cha kwenda kuripoti. Ataripoti nini? Hasara yake inaishia kwenye droo ya fundi, ambako simu nzima yenye kioo kizuri hugeuka kuwa vipuri. Hata huko haina usalama tena, kwani tangu iOS 18, programu endeshi ya iPhone ya mwaka 2024, Apple imelisogeza kufuli hilo hadi kwenye baadhi ya vipuri, kama betri, kamera na kioo. Asilimia 40 ni mafanikio ya kweli, ila ni hesabu ya upande mmoja wa daftari, na sisi tunaoishi katika jiji ambalo watu wengi hupata simu yao ya kwanza nzuri kwa mkono wa pili ndio tunaoubeba upande ule mwingine.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kufuli halitofautishi simu iliyoibwa na simu iliyosahauliwa, ilhali kampuni ina njia ya kutofautisha. Mwenye iPhone akiibiwa anaweza kuitangaza kuwa imepotea, na tangazo hilo hubaki kwenye seva. Aliyeuza akasahau hatangazi chochote. Kampuni inamjua na ina barua pepe yake, mnunuzi hamjui. Inashindikana nini kumpelekea ombi la kuiachilia simu, bila kumfichulia mnunuzi jina lake? Badala yake Apple humtaka mnunuzi alete risiti ya ununuzi wa kwanza kabisa, karatasi ambayo mara nyingi haikuvuka bahari pamoja na simu.

Nitajibiwa kwamba wezi tayari huwatumia waathiriwa ujumbe wa kughushi wakijifanya kampuni, ili wawahadae waondoe akaunti, na kwamba maombi halali yangewazoesha watu kubofya ovyo. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana ombi lingefaa kuonekana ndani ya mipangilio ya akaunti yenyewe, si kwa ujumbe mfupi, na ukimya wa mwenyewe uhesabiwe kuwa kukataa. Kuna pia simu za lipa pole pole zinazouzwa kabla mkopo haujaisha. Hizo kufungwa kwake ni halali, na anayeziuza anajua analofanya.

Sitetei mafundi wanaolivunja kufuli kwa ujanja. Kazi hiyo mara nyingi haidumu baada ya simu kufutwa tena, na inamsaidia mwizi sawa na mnunuzi. Sheria nayo iko wazi kuliko maneno ya barabarani: kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, chenye kifungo cha hadi miaka 14, kinamlenga anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Akaunti ngeni kwenye kioo ni sababu ya kuuliza, kama fundi wangu alivyouliza. Haitoshi kumhukumu mtu kwa kicheko.

Dada yule alikuwa na bahati, maana muuzaji wake alikuwa mtaa wa pili tu. Kwenye rafu ya fundi huyo huyo ipo laptopu iliyoletwa kutoka Uingereza, iliyokuwa ya kampuni fulani ya huko. Kampuni iliifuta diski kwa uangalifu lakini haikuliondoa jina lake kwenye usajili wa Windows. Kila inapowekewa Windows upya na kuunganishwa na intaneti, inamkaribisha mfanyakazi kwa jina la kampuni hiyo na kumwomba barua pepe ya kazini. Fundi amewaandikia mara mbili. Hawajajibu, na laptopu bado ina bei imebandikwa.