Povu Ukingoni mwa Mosel

Shule zikifungwa Ujerumani, bei ya tiketi za Dar inapanda mpaka mtu unaona bora umpigie mama simu ya video, umwoneshe wajukuu, yaishe. Sisi tuko watano. Baba watoto alikesha na kikokotoo, asubuhi kwenye chai akatangaza: "Mwaka huu tunalala kwenye hema."

Watoto wakaruka. Mie nikauliza, hema tunalitia wapi? Maana huku huwezi kushuka garini ukatandika popote panapokupendeza. Msituni ni marufuku, na wenye nchi yao wanajua kutoza faini. Akasema keshapanga kila kitu. Kambi iko bonde la Mosel, karibu na Cochem, kutoka kwetu Köln hata saa mbili za gari hazifiki. Hema kalinunua mtandaoni, la watu sita. Aliyewapima hao watu sita nadhani aliwapima wakiwa wamesimama.

Mosel ni mto unaoanzia Ufaransa, ukapita Trier, kisha ukajipinda na kujipinda hadi Koblenz, unakoingia Rhine. Huku na huku milima, na milima yote ni mizabibu, imepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba wakulima wamejengewa vijitreni vya reli moja vya kuwapandisha. Uzuri wake hausemeki. Ila zabibu zote zile ni za mvinyo. Ukitoka kwenye kibao cha mvinyo unakutana na kibao cha mvinyo. Sisi tukaingia na madumu ya juisi ya ukwaju na chupa ya chai ya tangawizi. Baba watoto akasema kutazama si haramu.

Tulifika saa saba na dakika tano mchana. Hizo dakika tano ndizo zilizotuponza, maana kuanzia saa saba mpaka saa tisa kambi ile inalala. Si kulala kwa mdomo tu. Gari haliingii, gari halitoki, mpira haupigwi, mashine ya majani haiwashwi, na pale mlangoni umeteremshwa mti mrefu wa rangi nyeupe na nyekundu. Dirisha la mapokezi lilishavutwa pazia. Nyuma ya pazia tulimwona mtu anakula.

Na ndipo kitindamimba wetu, miaka minne, aliyekataa kushuka kwenye vituo vyote vya barabarani, akasema, "Mama, mkojo."

Choo tunakiona kwa macho, pale, nyuma ya mti wa rangi. Lakini mlango wake unafunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo uko kwa yule anayekula. Nikamshika mkono mwanangu tukapanda mlimani. Alikofanyia sisemi. Nasema tu kwamba mvinyo wa mwaka ule mie nina sababu ya pili ya kutougusa.

Saa tisa kamili ule mti ukapanda. Mama wa mapokezi alikuwa mchangamfu kweli, hana kinyongo na mtu aliyemwacha juani. Akatupa ramani ya kambi, kanuni za kambi, mfuko wa njano wa kutilia plastiki, karatasi ya kuagizia mikate ya asubuhi na ufunguo wa choo. Akaomba kitambulisho. Hapo baba watoto akapata nafasi yake. Ana kadi ya ukaazi wa kudumu, iliyomtoa jasho: mitihani ya Kijerumani, stakabadhi za mishahara, miadi ya ofisini ya saa moja asubuhi kwenye baridi. Kadi hiyo huitoa hata asipoombwa. Akaiweka mezani taratibu, upande wa picha juu. Yule mama akanakili namba, akamrudishia, akasema bafuni maji ya moto ni kwa tokeni, ngapi? Baba watoto akasema nne. Kwa watu watano. "Jeshini, JKT, tulikuwa tunaoga kwa kopo moja," akanieleza, kana kwamba nimeuliza.

Nafasi yetu ilikuwa mtoni kabisa, majani laini, mbele boti zinapita. Mie nikashangaa nafasi nzuri hivyo imebakije wazi katikati ya likizo. Jirani zetu walikuwa wazee wawili, mume na mke, wale wapiga kambi wa kudumu ambao karavani yao haijaona barabara miaka mingi. Wameizungushia uzio wa kufika gotini, majani wameyakata kwa kipimo, na kwenye majani wamepanga vijisanamu vya vizee vyenye ndevu na kofia nyekundu, kimoja kashika toroli, kimoja kashika fimbo ya kuvulia samaki. Wakatusalimia kwa adabu, wakageuza viti vyao kutuelekea sisi, wakakaa.

Sitasimulia habari za kusimamisha hema. Lilianguka, likasimama, likaanguka na mtu ndani. Yule mzee alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Akaja na nyundo yake ya mpira, hakusema neno, akavigongomea vigingi vyote kimoja kimoja, akavuta kila kamba akaisikilizia. Alipomaliza akanyoosha kidole kwenye majani ya mtoni akasema kitu kwa lafudhi ya huko kwao Mosel. Baba watoto akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akamshukuru.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema tumepata mahali pazuri."

Binti yetu mkubwa, ambaye Kijerumani ndicho anachokiotea ndoto, hakuinua hata macho kwenye simu. "Hapana, baba. Anasema tuwaangalie bata."

Bata wenyewe walifika jioni. Si bata wa kuwatupia makombo. Bata bukini, wakubwa, wa rangi ya kahawia na kijivu, miguu ya waridi, na doa jeusi limezunguka jicho, unaweza kuapa jana walitoka kwenye ugomvi. Baba, mama na msururu wa vifaranga. Wakapita mbele ya hema letu wakichuma majani, wakiacha nyuma yao kile wanachoacha bata, na tukaelewa kwa nini pale pamebaki wazi. Baba bata akamtazama baba watoto. Baba watoto akamtazama baba bata. Hakuna aliyesalimia.

Sasa, taabu ya Julai kule ni kwamba jua linazama saa tatu na nusu usiku, na kanuni za kambi zinasema saa nne usiku kimya. Unabaki na nusu saa ya kuwalaza watoto watatu wanaokwambia, "Mama, bado mchana," na kweli bado mchana. Nikawakaripia kwa kunong'ona. Ng'ambo ya mto treni ya mizigo ikapita, behewa baada ya behewa, milima ikanguruma. Hiyo haina saa nne.

Saa nne na nusu, giza limeshaingia, baba watoto akajifunga kikoi, akachukua taulo, sabuni, simu na tokeni moja, akaenda kuoga. Maji ya moto ya pale ni LUKU tupu, kama ule umeme wa kulipia kabla: hayakuagi. Unatumbukiza tokeni, dakika chache yanamwagika, halafu yanakatika yote, ya moto na ya baridi, upo ulipo. Yeye yalimkuta amejipaka povu kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, macho kayafumba. Nikasikia simu.

"Mama watoto, nitumie tokeni."

"JKT mlikuwa mnafanyaje?"

"Mama watoto. Tafadhali."

Nikamtuma mtoto wa katikati, wa kiume, miaka minane, na tochi na tokeni mkononi. Kutoka hema letu kwenda bafuni ni kukata yale majani ya mtoni. Bata walishalala, vifaranga chini ya mama, katikati ya njia. Tochi ikamwangaza mama bata usoni.

Wale bata wamegawana kazi. Dume linafoka kwa pumzi, hhhhhh, ukisikia gizani unadhani ni nyoka. Jike linapiga baragumu. Vyote viwili vikaanza kwa mpigo mmoja, na mwanangu, badala ya kurudi kwangu, akakimbilia bafuni huku analia, "Baba! Baba! Baba!"

Baba mtu akasikia. Hapo sina la kumlaumu, mwanamume akisikia mwanawe analia hangoji kusuuza. Akakiokota kikoi akatoka mbio, pekupeku, povu kichwani, povu machoni, mikono mbele akipapasa hewa. Akampita mtoto bila kumwona. Baba bata aliona nini sijui. Aliona kitu kirefu cheupe kinakuja kwa vifaranga wake kikipiga kelele kwa Kiswahili. Akakunjua mabawa, yana mabaka meupe makubwa ambayo mabawa yakikunjwa hayaonekani, akajirusha.

Nilichokiona mie kutoka kwenye hema ni povu linakuja, bata nyuma yake, mtoto nyuma ya bata, na tochi inazunguka angani. Nikapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Akaenda kulia. Ule uzio wa gotini ukamkata hapohapo gotini. Akaruka na kutua katikati ya vile vizee vyenye kofia, na yule mwenye toroli akavunjika shingo.

Kikoi, namshukuru Mungu, kilibaki kiunoni. Nusu.

Taa zikawaka kambi nzima. Zipu za mahema zikafunguka moja baada ya nyingine, zzzip, zzzip. Mlango wa karavani ukafunguka, mzee akatoka na pajama na ndara za mpira, mkononi mwavuli. Hakuharakisha. Akamsogelea yule bata, akauelekeza mwavuli, akaufungua ghafla: fwap! Bata akarudi nyuma. Fwap! Bata akageuka, akaita familia yake, wakaondoka wote kuelekea mtoni kwa mwendo wa watu walioghairi wenyewe. Ukaona wazi kwamba mchezo huu wameucheza siku nyingi.

Tukakusanyika wote kwenye majani ya mzee: mie na kanga, binti na simu yake, kitindamimba aliyeamka anataka kujua nani kafa, mtoto wa katikati anatetemeka, na baba watoto amekaa chini kajishika goti, anapasuka povu polepole. Mzee akatuhurumia. Akaona atufariji kwa elimu, na safari hii akasema Kijerumani cha taratibu ambacho hata mie nilikifuata.

Akasema tusidhani hawa ni ndege wa hapa. Hawa wametoka Afrika. Waliletwa zamani kupamba mabustani ya matajiri, wakatoroka, wakazagaa Uholanzi, miaka ya themanini wakaanza kuifuata Rhine kupanda juu, na sasa wako kila mto. Umoja wa Ulaya umewaingiza kwenye orodha ya viumbe wavamizi tangu 2017.

Ndani ya karavani mkewe akakohoa.

"Wanakula majani yetu," mzee akaendelea. "Wanazaana sana. Wanafukuza ndege wengine. Na wala hawaondoki, hata baridi ikija!"

Mkewe akakohoa tena, kikohozi cha mtu mwenye mapafu mazima kabisa. Mzee akanyamaza. Akamtazama baba watoto. Akanitazama mie. Akawatazama watoto, mmoja, wawili, watatu. Hata kwenye giza nilimwona masikio yanaiva.

Baba watoto akajifuta povu jicho moja. "Nawafahamu," akasema kwa Kijerumani chake cha kiwandani. "Niliwaona Ngorongoro. Kule wako kimya kabisa. Hizi kelele wamejifunzia huku."

Pakawa shwari kidogo. Kisha yule mzee akaanza kucheka. Alicheka akainama, akaegemea mwavuli, mwavuli ukafunguka wenyewe, akazidi kucheka, mpaka sauti ikatoka hema la tatu, kali, ya mwanamke: "Kimya! Saa nne imepita!" Mzee aliyekuja kambi ile kabla wengine hatujazaliwa, anaambiwa anyamaze. Mkewe akatoka na kopo la biskuti. Ndani hamna biskuti, limejaa tokeni. Akampa baba watoto mbili. Akafikiria, akaongeza ya tatu.

Siku zilizobaki zilikwenda vizuri. Tulipanda hadi ngome ya Cochem, watoto wakakusanya chupa tupu za plastiki na kuzirudisha dukani kwa senti 25 kila moja hadi wakapata za aiskrimu, na yule kizee cha toroli kiliunganishwa gundi, japo sasa anaangalia nyuma. Mzee alimpa baba watoto mafunzo ya mwavuli. Nikawaona alfajiri wanaume wawili wazima wanatembea bega kwa bega kwenye umande, fwap, fwap. Bata waliwatazama wakaendelea kula.

Siku ya kuondoka tukaletewa hesabu, na Mjerumani akikuandikia hesabu haachi kitu: watu wazima wawili, watoto watatu, hema, gari, umeme, tokeni, na kodi ya mgeni ya kila usiku. Baba watoto akaisoma yote. Akafika kwenye kodi ya mgeni, akaweka kidole.

"Na yule bata," akamwuliza mama wa mapokezi, "yeye kodi ya mgeni halipi?"

Yule mama akachungulia dirishani, ambako baba bata alikuwa anavuka barabara ya kambi bila kuangalia pembeni, gari la watu limesimama linamngoja.

"Huyo hatozwi," akasema. "Huyo ni mkazi wa kudumu."

Baba watoto akachukua kadi yake mezani, akaitazama pande zote mbili, akairudisha mfukoni. Mpaka tunafika Koblenz hakuwa amesema neno.