Spika ya Bendi Ipimwe kwa Maneno ya Mwimbaji, Si kwa Wati

Bendi ya watu watano au sita inayopiga kwenye harusi na kumbi ndogo, iwe ya taarab, rumba au zilipendwa, inategemea maneno ya mwimbaji kuliko kitu kingine chochote. Wapenzi wa taarab wanasubiri fumbo litue. Wa dansi wanataka kuitikia kibwagizo. Besi inaweza kutikisa viti, lakini kama mgeni wa meza ya nyuma hashiki hata mstari mmoja, hiyo shughuli imeharibika. Ndiyo maana nasema spika za kubebeka zichaguliwe kwa namna zinavyotamka, na wati ziangaliwe mwisho kabisa.

Wati ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na karibu kila mara ni wati za kilele, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa kwa kufumba na kufumbua. Hata kampuni zinazosema ukweli zinaandika hivyo. Yamaha DBR12 inauzwa kama spika ya wati 1,000, lakini ukisoma kijitabu chake utakuta nguvu ya mfululizo ni wati 465. Hapo hakuna udanganyifu, kwa sababu namba zote mbili zimewekwa wazi. Shida ni maboksi yasiyo na jina yanayoandikwa wati 3,000 bila kueleza ni za aina gani.

Hata wati zikiwa za kweli, haziongezi sauti kama watu wanavyodhani. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na sikio linahitaji takriban desibeli 10 ndipo lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu. Kinachobadilisha mambo ni wepesi wa spika yenyewe kugeuza umeme kuwa sauti. Spika yenye desibeli 97 kwa wati 1, ikipewa wati 250, inalingana na ile ya desibeli 91 inayomeza wati 1,000. Kwa hiyo tafuta namba ya kiwango cha juu cha sauti kwa desibeli, na uhakikishe unalinganisha kilele na kilele.

Namba hiyo ipigie hesabu ya ukumbi wako. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 16 umepoteza 24. DBR12 ina kilele cha desibeli 131 kikipimwa mita 1, kwa hiyo kwenye meza ya mita 16 inabaki na 107. Muziki wa kupigwa papo kwa papo unahitaji nafasi ya desibeli 10 na zaidi kati ya wastani na kilele, hivyo wastani wako utakuwa kama 95, na hapo watu wanacheza. Sasa chukua Bose S1 Pro, spika ya betri yenye kilo 7 hivi na kilele cha desibeli 109. Kwa mita 16 inabaki na 85, na wastani unashuka hadi sabini na kitu, sawa na mazungumzo ya meza yenyewe. Ni spika nzuri kwa mwimbaji mmoja na gitaa kwenye baraza la watu thelathini. Kwa bendi yenye dramu, hapana.

Sasa ukubwa, yaani upana wa wufa, ile spika kubwa ya duara ndani ya boksi. Wanunuzi wengi wanakimbilia inchi 15 wakiamini kubwa ni bora. Kwa sauti ya mtu mimi nachagua inchi 12. Maneno yanaeleweka kwa sauti za katikati na za juu kidogo, kuanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000 hadi 4,000, na kwenye spika nyingi za kubebeka wufa ndiyo inayobeba mpaka karibu na hezi 2,000 kabla ya kuikabidhi honi, kile kipaza cha sauti za juu. Wimbi la hezi 1,700 lina urefu wa sentimita 20. Wufa ya inchi 15, yaani sentimita 38, ni pana kuliko wimbi hilo, kwa hiyo sauti inajikusanya mbele kama mwanga wa tochi. Waliokaa katikati wanasikia vizuri, wa pembeni wanasikia besi na herufi za “s” tu. Inchi 12 ina tatizo hilo kwa kiasi kidogo, na ni nyepesi: DBR12 ina kilo 15.8 na DBR15 ina 19.3. Tofauti hiyo ndogo utaijua saa nane usiku, ukipandisha spika kwenye Noah.

Spika za mnara, zile nyembamba zenye vispika vidogo vingi vilivyopangwa wima, zimeenea tangu Bose walipotoa L1 mwaka 2003. Zinafaa kwenye ukumbi mrefu wenye dari fupi, kwa taarab ya kukaa kitako, kwa kasida, kwa hotuba. Karibu nazo sauti haipungui haraka kama kwa spika za kawaida. Zikibebeshwa gitaa la besi na dramu pamoja, za bei ya kati zinachoka mapema.

Ushauri wangu kwa bendi ya ukumbi wa watu 150 hadi 200 ni huu: nunua spika tatu za inchi 12 za aina moja, zenye amplifaya ndani. Mbili zinakaa mbele, ya tatu inalazwa chini kama monita, yaani spika ya mwimbaji kujisikia mwenyewe. Siku moja ya mbele ikizimika katikati ya shughuli, monita inapanda kwenye stendi na sauti inabaki ileile pande zote mbili. Mwenye seti ya spika mbili za chapa tofauti hawezi kufanya hivyo bila ukumbi kugundua. Spika ya besi ya inchi 18 inaweza kusubiri. Uzi wa chini wa gitaa la besi uko hezi 41, na inchi 12 haingurumi huko kwa nguvu, lakini wasikilizaji watasamehe besi pungufu kabla ya kusamehe maneno yasiyosikika. Utakapoinunua, iache ishike sauti za chini ya hezi 100, na zile za inchi 12 zitapumua.

Jambo linalosahauliwa ni kutunza, yaani wageni kuwazawadia wanamuziki fedha. Wimbo ukikolea, wageni wanainuka na noti zao, wanajaa mbele ya jukwaa, na spika iliyowekwa juu ya meza inaongea na vifua vyao. Waliobaki vitini wanasikia mvumo. Inua spika mpaka honi ipite vichwa vya watu waliosimama, kuanzia mita 2 kwenda juu, kwa stendi ya chuma yenye miguu iliyotanuliwa kikamilifu na mfuko wa mchanga juu ya mguu mmoja. Watoto wa harusini hawana breki.

Mwimbaji naye anashuka na maiki kuwafuata watunzaji, akapita mbele ya spika, na mluzi unaanza. Fundi mitambo mwenye haraka hushusha sauti yote. Dawa yake ni kuziweka spika mbele kuliko mstari ambao mwimbaji anaruhusiwa kufika, na kukata sauti za chini ya hezi 100 kwenye kila maiki ya sauti. Angalia pia aina ya maiki. Shure SM58 haisikii kwa nyuma kabisa, kwa hiyo monita ikae usawa wa mkia wake. Beta 58A inasikia kidogo kwa nyuma na haisikii kwa pembeni-nyuma, kwa hiyo monita isogezwe upande. Kuibana maiki kichwani kwa kiganja kunaharibu yote hayo. Mwimbaji aambiwe mapema.

Kosa jingine liko nyuma ya spika. Kuna swichi ya maiki (sauti dhaifu ya maiki moja kwa moja) na laini (sauti iliyokwisha kukuzwa). Ukitoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, weka laini. Ikiachwa kwenye maiki, sauti inakwaruza hata ikiwa ndogo, na watu wanadhani spika ni mbovu. Taa nyekundu ikimulika mara mojamoja si neno, ikiganda punguza, la sivyo koili ya honi itaungua kwanza. Washa spika baada ya mikisa, na zizime kabla yake.

Umeme nao unataka heshima. Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita za mraba 0.75 inapoteza kama volti 15 ikivuta ampea 10, ya 1.5 inapoteza nusu ya hapo. Fungua waya wote kutoka kwenye roli, maana uliozungushwa unachemka. Mikisa, kinanda na spika zichukue umeme sehemu moja, mvumo utapungua. Usikate kamwe pini ya ethi ili kuuondoa. Atakayepigwa shoti ni mwenye mdomo kwenye maiki.

Ukienda dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, usikubali kujaribishiwa wimbo wa simu, maana wimbo uliokwisha kurekodiwa unapendeza karibu kwenye kila boksi. Nenda na maiki yako, waya wako na mwimbaji wako. Aimbe ubeti usioujua, wewe uondoke mita 10, kisha uzunguke hadi pembeni kabisa ya spika. Ukiweza kuuandika ubeti huo ukiwa pembeni, anza kuuliza bei.