Nani kasema?

Haipiti wiki bila mtu kwenye simu yangu kuweka picha ya machweo na maneno haya: "Kuwa mkweli kwa nafsi yako." Chini yake, Shakespeare. Juzi nikamuuliza rafiki yangu mmoja kama anajua aliyeyasema. Akanijibu, "Si huyo hapo chini?"

Hapana. Aliyasema Polonius, mshauri wa mfalme katika tamthilia yake ya Hamlet, akimuaga mwanawe Laertes anayerudi Ufaransa. Mawaidha yenyewe matamu: usikope wala usikopeshe, sikiliza wengi lakini sema na wachache. Kijana akaondoka. Hatukai sana, mzee huyohuyo anamwita mtumishi, anampa fedha za kumpelekea kijana Paris, kisha anamwongezea kazi ya pili: akifika huko, amzushie Laertes kwa watu kwamba ni mcheza kamari, mlevi, mtu wa makahaba, halafu asikilize watamjibu nini. Mtumishi anashtuka: bwana, si tutamvunjia heshima? Mzee anamwambia inategemea utakavyolisema. Huyo ndiye mwalimu wetu wa ukweli.

Methali zetu hazina mwenyewe. Wahenga wamesema, basi. Nadhani ndiyo sababu tunampokea Shakespeare kana kwamba naye ni mhenga. Lakini yeye aliandikia jukwaa, na jukwaani kila anayefungua mdomo ana lake. Kunukuu kauli yake peke yake ni kama kunukuu shahidi bila kusema yuko upande gani wa kesi.

Mtazame Iago, yule mlaghai katika tamthilia ya Othello. Cassio, msaidizi wa jemadari Othello, amevuliwa cheo kwa ulevi na ugomvi, analia kwamba jina lake limekwenda na maji. Iago anamliwaza: jina ni kitu cha bure, mtu hulipata bila kustahili na hulipoteza bila kosa. Baadaye, mbele ya Othello, anageuka: anayeniibia mfuko wangu kaniibia takataka, lakini anayeniibia jina langu jema hatajirika nalo, na mimi ananiacha fukara kabisa. Mdomo ni uleule. Kwa Cassio alitaka hiki, kwa Othello kile. Kwangu mimi, hiyo safari kati ya kauli mbili inamwanika binadamu kuliko kauli yoyote kati ya hizo.

Cassius naye, wa Julius Caesar, kipenzi cha wahamasishaji: kosa, Brutus, haliko kwenye nyota zetu, liko kwetu wenyewe. Kweli tupu. Ila anamsajili mwenzake kwa mauaji ya Kaizari, na usiku huohuo barua za kughushi zinarushwa dirishani kwa Brutus. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo huo hakuweza kuchukua kauli tamu akaziacha barua. Ilibidi azitie Kiswahili zote, njama na visu pamoja. Tafsiri hiyo ilitoka 1963, naye akiwa rais. Januari 1964 jeshi lake likaasi. Sisemi kimoja kilileta kingine. Nasema tu sijui aliyakumbuka vipi maneno yake mwenyewe wiki ile.

Rafiki yangu nilimsimulia habari za Polonius, sikufika kwa wengine. Alicheka sana, akaitoa ile picha palepale. Kesho yake ameweka mpya, ya bahari safari hii, na maneno kuhusu mwizi wa jina jema.