Nauli nayo ni kodi
Nimesoma makala kuhusu kupanga nyumba, mwandishi wake anashauri mpangaji asiye na gari atafute kwanza nyumba ya bei nafuu, usafiri utafuata. Kwa Dar, hapana. Niliwahi kupanga Goba, pembezoni mwa jiji, chumba na sebule safi, maji hayakatiki, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Dalali aliniambia "kituo kipo hapo tu". Hapo tu yenyewe ilikuwa bodaboda asubuhi, bodaboda jioni, na mvua ikinyesha bei inapanda maana njia ni utelezi mtupu. Nilipopiga hesabu ya mwezi, ile nafuu yote ya kodi ilikuwa imeishia kwa bodaboda.

Sasa nakaa Kimara, dakika nane kwa miguu hadi kituoni. Uzuri wa Kimara Mwisho ni kwamba Mwendokasi (mabasi yenye njia yao maalumu) inaanzia pale, ukivumilia foleni unapata siti. Aliyepanga Manzese yuko karibu zaidi na mjini, lakini asubuhi basi linamfikia limeshajaa. (Masika bonde la Jangwani, njiani kwenda mjini, likijaa maji na barabara ya Morogoro ikifungwa, hapo sote tunakuwa sawa.)

Kabla hujatoa kodi ya miezi sita, nenda Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ukasimame kituoni kama mtu anayewahi kazini. Halafu rudi saa tatu usiku, uone kama daladala bado zipo na kama kichochoro cha kwenda nyumbani kina taa. Dalali usiende naye, atakuonyesha njia ya mkato.